Bastola za Zamani na Swali la Kuanguka

Mtu anayemiliki bastola kihalali jijini Dar es Salaam, awe mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga duka usiku akiwa na mauzo ya siku nzima au mstaafu wa Mbezi aliyeitunza silaha yake tangu enzi za utumishi, akianza kufikiria kuibadilisha kwa nyingine mpya huulizwa na wenzake maswali yaleyale: inabeba risasi ngapi, ni ya kampuni gani, ina uzito kiasi gani. Wapo watakaomwambia kwamba bastola ya chuma kitupu ya miaka ya 1960 imepitwa na wakati na haifai tena kubebwa. Wapo watakaomjibu kwamba za siku hizi ni plastiki tu na kwamba chuma cha zamani hakina mfano wake. Pande zote mbili zinahukumu kwa umri. Msimamo wangu ni kwamba umri wa bastola, ukichukuliwa peke yake, haumwambii mbebaji jambo la maana, na kwamba katika jiji lenye msongamano kama hili swali linalopaswa kutangulia mengine yote ni moja: silaha hii ikianguka sakafuni ikiwa na risasi ndani, itafanya nini?

Nalitanguliza swali hilo kwa sababu ya namna bastola inavyoishi na mwenye nayo. Wengi wanaobeba silaha kwa kujilinda hawatalazimika kuifyatua kwa mtu hata mara moja maishani, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kila siku wanaivaa asubuhi, wanaivua jioni, wanaingia nayo kwenye gari, wanakaa nayo kwenye kiti cha saluni, wanapanda nayo ngazi za ghorofa za Mtaa wa Kongo katikati ya wapagazi na akina mama wenye mizigo kichwani. Mwingine ameichomeka kiunoni bila mkoba, na adhana ikimkuta sokoni ataingia msikitini, atarukuu na kusujudu akiwa na kilo nzima ya chuma inayoshikiliwa na mkanda wa suruali peke yake. Hatari iliyo karibu zaidi naye, pia na majirani zake katika safu ya swala, ni ya kitu kilichomponyoka, kikagonga sakafu. Silaha ya kubeba ipimwe kwanza kwa saa hizo nyingi ambazo hakuna anayetaka ifyatuke, kisha ndipo ipimwe kwa sekunde chache za dharura.

Ili kulielewa suala hili ni lazima tutazame kidogo ndani ya chuma. Katika revolva (bastola zenye silinda inayozunguka) za kale zenye nyundo ya nje, nyundo iliyopumzika huwa imekaribia mno fataki, kiwashio cha baruti kilicho kwenye kitako cha risasi, na katika baadhi yake ncha ya nyundo huigusa kabisa. Bastola ya namna hiyo ikianguka kisogo chini juu ya vigae, pigo hupita kwenye nyundo hadi kwenye fataki, na risasi hutoka bila mtu kugusa triga. Ndiyo maana waliobeba Colt Single Action Army, iliyoingia katika jeshi la Marekani mwaka 1873, walizoea kuacha tundu moja la silinda likiwa tupu na kuiegemeza nyundo hapo, hata bastola ya risasi sita ikawa kwa desturi ni ya risasi tano. Bastola za magazini, zinazobeba risasi kwenye kasha linaloingizwa ndani ya silaha, zina tatizo lao tofauti kidogo. Nyingi zina pini nyepesi inayocheza kwa uhuru ndani ya slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ikirudishwa na springi ndogo, na zikianguka mdomo chini kwa nguvu ya kutosha pini hiyo inaweza kuendelea na safari wakati chuma kingine chote kimesimama, ikaigonga fataki.

Wahandisi walilijua tatizo hili mapema, na hapa ndipo hoja ya umri inapoanza kuvunjika. Kampuni ya Iver Johnson ya Marekani, iliyouza bastola za bei nafuu kwa watu wa kawaida, tangu miaka ya 1890 ilikuwa inatengeneza revolva zenye kipande cha chuma kinachoinuka kati ya nyundo na pini pale tu triga inapovutwa. Triga isipovutwa, nyundo inaweza kugongwa utakavyo na isifike popote. Ilijitangaza kwa kumwalika mnunuzi aigonge nyundo ya bastola kwa nyundo ya fundi. Colt nayo iliingiza kizuizi cha nyundo katika revolva zake za polisi kuanzia mwaka 1905. Walther P38 ya Ujerumani, ambayo jina lake linatokana na mwaka 1938, ina kufuli ya ndani inayoizuia pini isisogee mpaka triga ifike mwisho wa mvuto wake. Hizo zote ni bastola ambazo kijana wa leo angeziita za makumbusho.

Sasa tuzitazame zilizokuja baada ya revolva hizo. Tokarev ya Urusi, iliyosambaa Afrika kwa wingi pamoja na nakala yake ya Kichina iitwayo Type 54, haikuundwa na sefti, yaani kifungo cha usalama, yoyote ya mkono zaidi ya mkato mmoja wa kuisimamisha nyundo nusu ya njia, na kwa sababu hiyo njia ya busara ya kuibeba ni chemba, yaani tundu la risasi mwanzoni mwa mtutu, ikiwa tupu. Browning Hi-Power ya Ubelgiji, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 ikiwa na magazini ya risasi 13 na kuheshimiwa na majeshi mengi duniani, haikuwa na kizuizi cha pini mpaka lilipotolewa toleo la Mark III mwishoni mwa miaka ya 1980. Colt 1911, kazi ya John Browning iliyolitumikia jeshi la Marekani kuanzia mwaka 1911 hadi ilipopisha Beretta mwaka 1985, ilianza kuuzwa na kizuizi cha namna hiyo kama sehemu yake ya kawaida mwaka 1983, ikiwa imekwisha kupita katika vita viwili vikuu vya dunia. Ruger, kampuni changa kuliko hizo, iliuza revolva zake za kuinua nyundo kwa dole gumba hadi mwaka 1973 bila kipande kile ambacho Iver Johnson ilikuwa nacho karibu miaka themanini kabla, na baadaye ikajitolea kuzirekebisha za zamani bila malipo kwa kila mwenye nayo atakayeirudisha kiwandani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Enfield No. 2, kwa kuwa ni revolva iliyotolewa kwa askari na polisi wa Dola ya Waingereza na bado inakutwa katika nchi zilizokuwa chini yake. Ilikubaliwa na jeshi mwaka 1932, ni ya risasi sita, na hujazwa kwa kukunjwa katikati kama bunduki ya ndege. Ya mwanzo ilikuwa na kizuizi cha nyundo kilichotengenezwa vizuri. Kuanzia mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na viwanda vikihimizwa kuongeza kasi, lilitolewa toleo lililorahisishwa ambalo kizuizi hicho kiliondolewa kabisa. Baada ya vita ilionekana wazi kwamba silaha hizo si salama zikianguka, na zikaitwa kurudishiwa kizuizi. Kwa hiyo ya mwaka 1935 ilikuwa salama kuliko ya mwaka 1943, na bastola mbili zinazofanana kwa macho, zenye jina moja na mihuri inayokaribiana, zinaweza kutofautiana katika jambo linalogusa uhai wa mtu. Nani, kati ya wanaozisifu au kuzibeza bastola za zamani, huifungua kuangalia?

Katika miaka hiyohiyo ya vita, mwaka 1944, baharia wa Marekani aliuawa baada ya revolva ya Smith & Wesson kuanguka kwenye sitaha ya chuma. Bastola ile ilikuwa na kizuizi, ila kilikuwa kikitegemea springi nyembamba kukirudisha mahali pake, na kizuizi cha aina hiyo kikishikwa na grisi iliyoganda hakirudi. Kampuni ilikibuni upya ndani ya muda mfupi, kikawa kinasukumwa na triga yenyewe inaporudi mbele, bila kutegemea springi. Tangu hapo revolva za .38 (kipimo cha upana wa risasi kwa inchi) za kampuni hiyo, zile ambazo baadaye zilipewa jina la Model 10 na ambazo zimetengenezwa kwa mamilioni, zimekuwa miongoni mwa silaha za mkononi ninazoweza kumruhusu mtu mzima makini akae nazo chumba kimoja na watoto wangu. Iliyotoka kiwandani mwaka 1955 ina karibu nusu ya pili nzima ya karne ya ishirini mgongoni, na katika jambo la kuanguka haina la kuionea haya bastola ya mwaka jana.

Upya nao hautoi dhamana. SIG Sauer P320 ilichaguliwa na jeshi la Marekani mwanzoni mwa mwaka 2017, na mwezi Agosti wa mwaka huohuo kampuni ikatangaza mpango wa marekebisho ya hiari kwa zile zilizouzwa kwa raia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikiangukia kisogo cha slaidi kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Sababu ilikuwa triga nzito iliyoendelea kusogea kwa msukumo wake wenyewe bastola ilipogonga sakafu. Wahandisi walikuwa na kompyuta, na miaka zaidi ya mia moja ya makosa ya wenzao ya kujifunzia, na bado hilo liliwapita.

Baada ya kuanguka, jambo linalofuata kwa uzito ni triga. Glock 17, iliyokubaliwa na jeshi la Austria mwaka 1982 na kubadili sura ya bastola duniani, ina kinga tatu zinazoifanya iwe salama sana ikianguka. Sina ugomvi nayo hapo. Lakini haina sefti ya nje ya kidole gumba, na triga yake huvutwa kwa nguvu ya takribani kilo mbili na nusu kwa mwendo mfupi. Revolva ya kawaida ya polisi, ambayo mvuto mmoja wa triga huizungusha silinda, huinua nyundo na kuiachia, hudai karibu kilo tano na safari ndefu ya kidole. Polisi wa New York walipoanza kuruhusu bastola za magazini mwaka 1993, waliagiza Glock zao ziwekewe springi ya kuifanya triga iwe nzito karibu kama ya revolva walizokuwa wamezizoea. Taasisi yenye askari makumi ya maelfu iliona kwamba uzito wa kidole ni kinga dhidi ya mkono uliotishika, ikailipia kinga hiyo.

Kinga hiyo ina gharama yake, na ni haki kuitaja. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili wa jiji hilo walifyatua risasi 16 dhidi ya mtu aliyewaelekezea bastola, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi na vipande vyake. Wakosoaji walisema triga nzito huuharibu ulengaji wa mtu asiyefanya mazoezi ya kutosha, na sioni namna ya kuwapinga. Ninachoongeza ni kwamba triga nyepesi kwa mtu huyohuyo asiyefanya mazoezi, anayeichomeka bastola kiunoni au kuitumbukiza kwenye mkoba wa mkononi pamoja na funguo na simu, ni hatari kubwa zaidi kuliko ulengaji mbaya, kwa kuwa inamngoja kila siku. Anayetaka Glock na ainunue pamoja na mkoba mgumu unaofunika triga yote, wa kipimo cha bastola ileile, na asiibebe hata mara moja nje ya mkoba huo. Asiyekuwa tayari kwa nidhamu hiyo atatendewa haki zaidi na revolva ya zamani yenye kizuizi kizima.

Hoja ya idadi ya risasi naipitia kwa haraka kwa sababu inazungumzwa kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo wapelelezi wawili wa FBI waliuawa na wengine watano kujeruhiwa, yaliharakisha polisi wa Marekani kuziacha revolva. Ila wale walikuwa maofisa waliokuwa wakiwasaka majambazi wenye bunduki, na wajibu wao ulikuwa kusonga mbele. Raia anayejilinda Dar es Salaam ana wajibu wa kinyume: kuondoka akiwa hai, bila kumdhuru asiyehusika. Kanuni ya Adhabu inaitambua haki ya kujilinda, na inaifunga kwa sharti la nguvu inayolingana na hatari. Risasi ya saba, ya kumi na ya kumi na tano iliyofyatuliwa kwa hofu pale Mtaa wa Msimbazi saa kumi na mbili jioni itamfikia mtu fulani, na mtu huyo ana uwezekano mkubwa wa kuwa muuza mitumba au mwanafunzi anayesubiri basi. Sita zinazolengwa zinatosha kwa hali karibu zote ambamo raia ana haki ya kufyatua.

Mpaka hapa nimeitetea bastola ya zamani, lakini Dar es Salaam yenyewe ina hoja nzito dhidi yake, na hoja hiyo ni hewa. Jiji liko pwani, unyevu ni mwingi karibu mwaka mzima, masika yanapoanza Machi hata nguo kabatini hushika ukungu, na kwa wakazi wa Msasani, Kigamboni au Kunduchi upepo unakuja na chumvi. Chuma cha zamani kilipakwa rangi ya bluu nyeusi kwa kemikali, tabaka jembamba linalozuia mng'ao kuliko linavyozuia kutu. Jasho la kiuno cha mtu aliyekaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro kwa saa mbili lina chumvi ya kutosha kuanzisha madoa chini ya mpini wa mbao, mahali ambapo jicho halifiki. Mpini wa plastiki wa bastola mpya hauozi, na slaidi yake hupikwa kwa namna inayougeuza uso wa chuma kuwa mgumu na mkaidi kwa kutu. Katika jambo hili mpya inashinda bila ubishi, na mwenye ya zamani asiyekubali kuifuta na kuipaka mafuta mepesi kila anapoivua hastahili kuibeba.

Yapo makosa mawili ya utunzaji ambayo yameua silaha nzuri nyingi. La kwanza ni kuihifadhi bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ngozi huvuta unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma; mkoba ni wa kubebea, na usiku bastola ilale nje yake, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. La pili ni mafuta mengi mazito. Yanaonekana kama upendo, kumbe ndani ya miaka michache huganda pamoja na vumbi na kushika vipande vidogo vya kinga vilevile tulivyovizungumza, kizuizi cha nyundo na pini. Kinga iliyoshikwa na uchafu haipo, hata kama imechorwa kwenye kitabu cha kiwanda.

Risasi zina mtego wake. Neno "tisa milimita" katika maduka na katika mazungumzo hubeba risasi zaidi ya moja. Makarov, bastola ya Kisovieti iliyokubaliwa mwaka 1951, hutumia risasi yenye ganda la milimita 18 na kichwa kinene kidogo kuliko cha tisa ya kawaida, ambayo ganda lake ni la milimita 19 na shinikizo lake ni kubwa zaidi. Mauser ya kale yenye magazini mbele ya triga hupokea risasi ya Tokarev, kwa kuwa zinalingana karibu kabisa kwa umbo, lakini ile ya Tokarev hutengenezwa kwa nguvu ambayo chuma cha Mauser chenye miaka mia moja hakikukusudiwa kuistahimili. Revolva nyingi za Smith & Wesson zilizopelekwa Uingereza wakati wa vita zilichongwa upya baadaye ili ziingize .38 Special iliyo ndefu na nyembamba zaidi kuliko risasi yake ya asili, na matokeo ni maganda yanayovimba au kupasuka ndani ya tundu pana. Revolva za Kiingereza za Webley za .455 zilizochongwa silinda ili zipokee .45 ya Marekani ni hatari zaidi, kwa kuwa risasi za kawaida za kiwandani huvuka kipimo ambacho bastola hizo zilijaribiwa. Hakuna hata moja kati ya hizi inayopaswa kupewa risasi kwa kukisia, na anayejua tu kwamba "inaingia" hajajua chochote.

Katika kulenga shabaha, tofauti na kubeba, bastola ya zamani iko nyumbani kwake. Revolva ya chuma yenye uzito wa karibu kilo moja huumeza msukumo wa risasi ya .38, haimtishi mwanafunzi, na triga yake ndefu humfichulia kila kosa: kidole kinachonyakua badala ya kukaza, mkono unaoinama kabla ya mlio, jicho linaloacha kilengeo cha mbele. Mwalimu anaweza kuingiza ganda tupu kati ya risasi nzima bila mwanafunzi kujua liko wapi, na nyundo ikianguka juu ya ganda hilo mkono unaotetemeka huonekana na wote. Aliyejifunza kuifyatua vizuri revolva kwa mvuto mrefu huweza kuhamia bastola yoyote mpya ndani ya siku chache. Aliyeanzia kwenye triga nyepesi hupata taabu kurudi nyuma. Bei ya risasi ni kubwa na nafasi za uwanja halali wa shabaha ni chache kwa raia wa jiji hili, kwa hiyo silaha inayomfundisha mtu mengi kwa risasi chache ina thamani ambayo katalogi haiwezi kuionyesha. Hata Tokarev, ambayo nisingependa kuiona kiunoni mwa mtu ikiwa na risasi kwenye chemba, ni silaha halali ya kujifunzia historia ya ufundi pale uwanjani, chini ya msimamizi.

Kwa kuwa jambo hili ni la umma, lisiachwe kwa hisani ya kila mmiliki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inatazama kwa makini mtu anayeomba: tabia yake, sababu zake, maoni ya wanaomfahamu. Uhakiki wa silaha uliofanyika mwaka 2016 ulitazama namba na nyaraka, nao ulikuwa muhimu, kwa sababu silaha isiyojulikana ni nani anayo ni tatizo la kwanza. Lakini namba iliyosomeka vizuri haisemi kama kizuizi cha nyundo bado kipo. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia silaha, ya London yenye historia tangu mwaka 1637 na ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, na bunduki haiuzwi kihalali huko bila muhuri unaothibitisha kwamba imefyatua risasi ya majaribio ikabaki nzima. Hatuhitaji jengo la namna hiyo ili kuanza. Jeshi la Polisi lina mafundi silaha wake, na mmiliki anayekwenda kuhuisha leseni anaweza kutakiwa aikabidhi bastola yake kwa fundi kwa ukaguzi wa kaliba (kipimo cha risasi) halisi iliyochongwa, hali ya mtutu na chemba, kukaza kwa silinda nyundo inapoanguka, na uzima wa kinga za ndani, kisha matokeo yaandikwe kwenye kumbukumbu za leseni. Itakayokosa kinga ya kuanguka, iwe ya mwaka 1943 au ya 2017, isiruhusiwe kubebwa ikiwa na risasi mahali pa umma mpaka irekebishwe.

Wanaohitaji ukaguzi huo kuliko wote ni warithi. Bastola iliyonunuliwa na mzee aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge au katika utumishi wa kikoloni huweza kukaa kwenye sefu ya nyumba ya Upanga kwa miongo, na mzee anapofariki watoto huikuta pamoja na boksi la risasi zilizobadilika rangi. Leseni ilikuwa ya mzee, haikuwa ya familia, na hatua ya kwanza ni kuitolea taarifa polisi na kuikabidhi hadi mmoja wao atakapoomba na kupata kibali kwa jina lake. Zile risasi zisijaribiwe. Zikabidhiwe pamoja nayo. Nyingi za zamani za kijeshi zilitumia fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu baada ya kufyatuliwa, na chumvi hiyo katika hewa yetu hutafuna chuma ndani ya siku chache, haiondolewi na mafuta bali kwa maji, kisha kukausha, kisha mafuta. Kabla ya kuomba kibali chochote, mrithi amwombe fundi silaha aufungue ubavu wa revolva hiyo mbele yake na amwonyeshe kizuizi kilipo. Kama ni Enfield ya wakati wa vita ambayo haikuwahi kurudishiwa chake, na hakuna wa kuitengeneza, ibaki polisi.